Mcheri hukosewa kabla shimo halijachimbwa

Mhariri,

Ushauri mwingi unaoandikwa kuhusu miti ya matunda ya nyumbani huanzia shimoni: chimba hivi, tia mboji kiasi hiki, mwagilia mara ngapi. Kwa miti mingi hilo halina ubaya. Kwa mcheri wa matunda matamu ni kudandia safari katikati ya njia, kwa sababu makosa yanayouponza mti huu hufanyika kabla jembe halijagusa ardhi. Mtu anamwagilia miaka sita, anapalilia, anaweka matandazo, na mti unanawiri kwelikweli, majani tele, kivuli kizuri, matunda hakuna. Umwagiliaji haukuwa na kosa. Mche ulinunuliwa bila kuulizwa mambo matatu: unataka baridi kiasi gani, mwenzake ni nani, na umebebeshwa juu ya shina gani. Tunaomba nafasi tuanze na hayo, ndipo tuje kwenye shimo.

Na kabla hata ya hayo, hakikisha unachouziwa ni mcheri. Jina "cheri" limepewa mimea mingi isiyo na undugu wowote. Tunda la asirola, ambalo wengine huliita cheri ya Barbados, ni dogo na jekundu, lakini ukilipasua unakuta mbegu tatu zenye kingo. Cheri ya Surinam ina mbavu mbavu kama boga la mwanasesere. Zote mbili ni za nchi za joto na hazidai baridi, kwa hiyo muuzaji anayeapa kwamba cheri yake huzaa popote huenda hasemi uongo. Anauza mti mwingine tu. Mcheri tunaouzungumzia hapa, Prunus avium kwa jina la kitaalamu, una tunda lenye kokwa moja gumu. Mche ambao haujazaa utautambua kwa jani: kingo zake zina meno ya msumeno, na kwenye kikonyo cha jani, karibu na pale jani linapoanzia, pana vipele viwili vyekundu, vidogo kama vichwa vya pini. Gome changa linang'aa na lina mistari mifupi iliyolala kwa upana wa shina.

Sasa baridi. Mcheri hulala. Majani yakishapukutika, macho ya mti, yaani vifundo vinavyochipua majani na maua, hujifunga, na joto peke yake haliyafungui. Lazima kwanza yapate kiasi chake cha ubaridi. Kinachohesabiwa hasa ni saa ambazo hewa iko kati ya nyuzi 0 na 7 za Selsiasi. Baridi ya kugandisha iliyo chini ya 0 huongeza kidogo sana. Aina nyingi zinazojulikana hutaka saa 700 hadi 1,200 kwa msimu. Bing, ile nyeusi maarufu, iko kwenye 700 hadi 800. Lapins huridhika na pungufu ya hapo. Ziko pia Minnie Royal na Royal Lee, zilizotafutwa mahususi kwa sehemu zenye majira ya baridi yasiyo makali, ambazo hutosheka na saa mia chache na hupandwa pamoja kwa kuwa kila moja huichavusha nyingine.

Hesabu hii ina mtego. Mchana unaofika nyuzi 16 na zaidi hufuta sehemu ya saa zilizokusanywa usiku. Ndiyo maana nyanda za juu zilizo karibu na ikweta huwalaghai watu. Usiku mtu analala na blanketi mbili, asubuhi anatoa moshi mdomoni, lakini ikifika saa sita mchana joto limepanda hadi 20, na ndivyo ilivyo mwaka mzima. Huko joto hupishana kati ya usiku na mchana, haliachani sana msimu hadi msimu, na mti haupati usingizi wa maana. Ili usibahatishe, tumia kipimajoto kinachoweka kumbukumbu: kitundike kivulini, mita moja na nusu kutoka ardhini, kisome kila saa katika miezi yote ya baridi, kisha ujumlishe saa za kati ya 0 na 7. Ukipata 300, usinunue mti wa 800 kwa matumaini.

Mti uliokosa baridi una sura yake, na ni vyema kuijua. Tawi moja linachanua huku jirani yake bado limelala. Maua hutoka kidogo kidogo wiki baada ya wiki, mengine yakiwa na kikonyo kifupi na sehemu ya kike iliyodumaa, yakaanguka bila kushika tunda. Majani huchelewa, kisha hutokea kwenye ncha za matawi tu na kuacha katikati patupu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia mbolea, nayo haina la kufanya hapo. Kinyume chake nacho kipo: kiangazi kikivuka nyuzi 30 kwa siku nyingi wakati matumba ya mwaka ujao yanapoundwa, sehemu ya kike ya ua hujigawa, na msimu unaofuata unavuna cheri pacha zilizoshikana ubavuni. Watu hudhani ni ugonjwa. Ni kumbukumbu ya joto la mwaka uliopita, na zinalika.

Jambo la pili ni mwenza. Micheri mingi haiwezi kujichavusha, na hapa pana jambo linalowakwaza hata wenye miti miwili: si kila mcheri unaufaa mwingine. Kila aina ina alama mbili za urithi zinazoitwa S, zenye namba. Chembe ya chavua hubeba moja kati ya hizo mbili. Ikitua kwenye ua lenye alama ileile, huanza kuotesha mrija wake kuelekea chini, kisha husimamishwa njiani kabla ya kufika kwenye yai. Bing ni S3S4. Lambert ni S3S4. Napoleon, ile ya manjano yenye shavu jekundu, nayo ni S3S4. Panda zote tatu uwanja mmoja, uwape nyuki kazi ya kutosha, na hutapata kitu. Van ni S1S3. Nusu ya chavua yake hupita kwa Bing, na nusu inatosha kabisa. Rainier ni S1S4, nayo inafaa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "chukua aina mbili tofauti", mwulize zipi, na zinachanua wakati mmoja? Aina inayowahi na inayochelewa hupishana kama wageni wawili mlangoni.

Njia fupi ilipatikana mwaka 1968, pale kituo cha utafiti cha Summerland, nchini Kanada, kilipotoa Stella, aina ya kwanza yenye ubora wa soko inayojichavusha yenyewe. Sifa hiyo ilianzia kwenye chavua iliyopigwa eksirei katika majaribio ya Uingereza. Lapins ni mtoto wa Van na Stella, na imerithi sifa hiyo. Sweetheart nayo hujichavusha. Kwa uwanja wenye nafasi ya mti mmoja, chaguo letu ni Lapins kabla ya Stella: tunda lake ni gumu zaidi na hustahimili mvua kiasi. Aina hizi pia huchavusha nyingine zinazochanua pamoja nazo, kwa hiyo Stella kando ya Bing hutatua tatizo la Bing. Mcheri wa matunda machachu usiutegemee kwa kazi hiyo, maana kwa kawaida huchanua nyuma.

Mwenza awe ndani ya mita 15 hadi 30. Kama mti umeshakua na ukagundua kwamba unakosa mwenza, omba matawi yenye maua yanayoanza kufunguka kutoka mti unaofaa, yatie kwenye ndoo ya maji, na uitundike ndoo ndani ya matawi ya mti wako. Nyuki watafanya mengine, mradi joto limefika nyuzi 13 hivi. Chini ya hapo hawatoki sana. Na usinyunyize dawa ya wadudu mti ukiwa na maua wazi, hata kama umeona vidukari. Kuhusu baridi ya ghafla: maua yaliyofunguka kabisa huanza kufa kwenye nyuzi 2 chini ya 0, ambako kama moja kati ya kumi hupotea, na kwenye nyuzi 4 chini ya 0 yanaondoka karibu yote. Mti mdogo unaweza kufunikwa kwa shuka usiku huo mmoja. Mti wa mita kumi, mwachie Mungu.

Na hilo linatuleta kwenye shina. Mcheri unaouzwa ni miti miwili iliyounganishwa: juu ni aina ya tunda, chini ni shina lenye mizizi ya aina nyingine. Hilo shina la chini ndilo linaloamua urefu, umri wa kuanza kuzaa, na udongo unaovumilika. Mazzard, yaani mche uliooteshwa kwa mbegu ya mcheri wa mwitu, hutoa mti wa mita 10 na zaidi, na hukufanya usubiri hata miaka sita au saba. Mahaleb huvumilia ukame lakini hufa haraka penye unyevu unaotuama. Colt hupunguza urefu hadi kama mita 4 au 5 ukiupogoa. Gisela 5, iliyotokea Giessen, Ujerumani, huushusha mti hadi karibu nusu ya ule wa Mazzard, hivi kwamba mita 3 zinawezekana, na huanza kuzaa mwaka wa tatu. Gisela 6 iko katikati ya hizo.

Kwa uwanja wa nyumba, Gisela 5 hushinda kwa sababu moja: mti wa mita 3 unaweza kuufunika kwa wavu, wa mita 10 huwezi, na bila wavu unawalimia ndege. Lakini ina masharti. Inataka udongo wenye rutuba, maji ya uhakika na nguzo ya kuushikilia mti, na isipopogolewa hubeba matunda mengi kupita kiasi, yote madogo kama njegere. Penye udongo dhaifu au maji ya kubahatisha, Colt au Gisela 6 itakutendea haki zaidi. Mhariri, hapa tuna ombi: makala za kilimo zikitaja mcheri, zitaje majina yote mawili, la tunda na la shina. "Mcheri mtamu" peke yake kwenye lebo ni sawa na kuuza gari kwa kutaja rangi.

Kuotesha kokwa nyumbani inawezekana, ni kazi ya kufurahisha, ila tunda halitafanana na la mama, na itachukua miaka saba hadi kumi kulionja.

Mche mzuri wa kununua ni wa mwaka mmoja, una urefu wa mita 1.2 hadi 1.5, na kiungo chake kimefunga vizuri. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: chini yake pawe kijani kibichi chenye majimaji. Ukiona utomvu wa rangi ya kahawia umeganda kwenye gome kama gundi, uache hapohapo. Usivutwe na mche mkubwa wenye matawi mengi kwenye chungu kidogo. Mizizi yake mara nyingi imezunguka kama kamba, na itaendelea kuzunguka hata ardhini.

Sasa ndipo tufike kwenye ardhi. Mizizi ya mcheri haivumilii kukosa hewa. Chimba shimo la majaribio la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, lijaze maji, yaache yaishe, ulijaze tena, kisha pima. Yakishuka pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, hapo mahali hapafai kwa kupanda bapa. Sio lazima uhame. Jenga tuta la mviringo lenye kimo cha sentimita 30 hadi 45 na upana wa mita moja na nusu, upande juu yake. Wanaopuuza kipimo hiki hupoteza mti mwaka wa tatu au wa nne, wakati ulipoanza kuwapa moyo: majani yanakuwa madogo na ya njano, kisha siku ya joto mti mzima unanyauka huku udongo umelowa. Ukifukua unakuta mizizi ya kahawia inayochubuka. Ni uozo wa mizizi unaoletwa na vimelea vya Phytophthora, na hapo hakuna dawa ya kurudisha kitu. Uchachu wa udongo uwe pH 6.0 hadi 7.0. Palipong'olewa mcheri, mplamu au mpichi juzi juzi pasirudiwe.

Shimo lenyewe liwe na upana mara mbili ya mizizi, kina kisizidi urefu wake. Loweka mizizi iliyo wazi kwa saa moja au mbili. Rudisha udongo uleule uliotoka. Mbolea mbichi ya wanyama ndani ya shimo huunguza mizizi, na shimo lililojazwa mboji tupu hushuka na kuuzamisha mti. Kiungo cha kubebeshea kibaki sentimita 5 hadi 8 juu ya ardhi. Hilo si pambo. Kikifukiwa, sehemu ya juu hutoa mizizi yake yenyewe, na mti ulioulipia kwa ajili ya ufupi unaanza kukimbilia mawinguni. Mwagilia lita 20, weka matandazo ya unene wa sentimita 8 hadi 10, lakini yaache sentimita 15 mbali na shina ili gome lisioze na panya wasijifiche hapo. Penye jua kali la mchana, paka shina rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ili gome lisipasuke. Nafasi kati ya miti: mita 2.5 hadi 3 kwa Gisela 5, mita 4 hadi 5 kwa Colt, mita 8 kwa Mazzard.

Siku ya kupanda, kata mche kwenye urefu wa sentimita 60 hadi 75. Inauma, lakini mcheri usipokatwa huenda juu kama mlingoti na kutoa matawi yake yote kileleni. Machipukizi yakifika sentimita 10 au 15, chagua manne yanayotazama pande tofauti, na bana kila moja kwa kibanio cha nguo pale linapotokea ili lilale upande, lisisimame sambamba na shina. Ukisubiri litakapokuwa gumu litavunjika. Tawi lenye pembe kali, lililobanana na shina, hupasuka likija kubeba matunda, na ufa huo ndio mlango wa magonjwa.

Kupogoa ndiko tunakotaka kukaa kidogo, kwani hapa mazoea ya miti mingine huleta hasara. Miti mingi hupogolewa ikiwa imelala, majani yamekwisha. Mcheri ukiufanyia hivyo katika baridi na mvua unaualika ugonjwa. Bakteria wa Pseudomonas syringae huingia kwenye vidonda vibichi wakati wa ubaridi na unyevu, na kuvu wa ugonjwa wa jani la fedha, Chondrostereum purpureum, hurusha mbegu zake siku za unyevunyevu. Pogoa kiangazi, baada ya kuvuna, siku kavu ambayo mvua haitarajiwi kwa siku kadhaa. Kidonda hukauka upesi na kufunga.

Sasa chukua tawi ulitazame kwa karibu. Kwenye sehemu iliyokua miaka miwili iliyopita na nyuma ya hapo utaona vitawi vifupi vya sentimita moja au mbili, vimekunjamana, vyenye fundo la macho kwenye ncha. Hivyo ndivyo vinavyozaa, na huzaa miaka kumi au zaidi visipovunjwa. Katika fundo hilo macho ya pembeni ni manene na ya mviringo: ni ya maua tu, kila moja lina maua mawili hadi manne ndani yake, na halina jani hata moja. Lile la katikati, jembamba lenye ncha, ndilo la jani. Kwenye tawi la mwaka jana, macho ya sehemu ya chini kabisa nayo ni ya maua. Maana yake ni hii: ukikata tawi na kubakiza kipande chenye macho manene tu, kitachanua, kitazaa, kisha kitakufa, kwa kuwa hakina kitu cha kutoa jani. Kata kila mara juu kidogo ya jicho jembamba. Kwa kosa hili hili miti mingi huishia na visiki vikavu, na mwenye mti analaumu mkasi.

Kazi ya kila mwaka kwenye mti unaozaa ni ndogo: ondoa yaliyokufa, yanayosuguana na yanayosimama wima katikati, fupisha kilele kirudi kwenye urefu unaoufikia, na toa matawi mawili matatu ya zamani ili jua liingie. Kwa Gisela 5 ongeza ukali, fupisha matawi ya mwaka huo kwa theluthi moja, la sivyo utarudi kwenye zile njegere. Futa mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya mti na mti. Ukikuta donda linalotoa utomvu, pasua gome taratibu kwa kisu: panapoambukizwa pamegeuka kahawia na pana harufu chachu. Kata tawi sentimita 20 chini ya mwisho wa ukahawia huo. Jani la fedha hujulikana kwa mng'ao wa kijivu kwenye majani ya tawi moja, na doa la kahawia ndani ya mti ukikata tawi hilo. Utomvu peke yake bila ukahawia chini ya gome unaweza kuwa ni jeraha tu au dhiki ya maji. Usikate kwa hofu.

Kuhusu mbolea tutasema machache: tazama urefu wa machipukizi. Mti unaozaa ukitoa sentimita 30 kwa mwaka umeshiba. Zaidi ya 60, acha mbolea ya naitrojeni kabisa. Na usiiweke mwishoni mwa msimu, kwani chipukizi laini halitakuwa limekomaa baridi ikija.

Maji yanahitaji mpangilio. Mti mchanga unataka lita 20 hadi 40 kwa wiki isiyo na mvua. Unaozaa zaidi ya hapo, kwa kadiri ya ukubwa na udongo. Jambo la kuogopa ni kubadilika ghafla. Wiki tatu za mwisho, tunda linapotoka rangi ya majani makavu kwenda nyekundu, ngozi imenyooka kikomo na sukari imejaa ndani. Maji ya mvua yakituama kwenye kishimo cha kikonyo hupenya ngozi, na tunda hupasuka kwa duara juu au nyufa ndogo chini. Mti uliokauka kisha ukanyweshwa kwa pupa nao hupasua matunda, safari hii kwa ufa mrefu ubavuni. Kwa ufa wa namna hii suluhisho ni kumwagilia kwa kiasi kilekile kila mara. Kwa mvua, weka paa la nailoni juu ya mti mfupi, pembeni pawe wazi kwa hewa, au tikisa matawi mara mvua inapokatika. Bing na Rainier hupasuka kirahisi. Regina na Kordia huvumilia zaidi.

Wavu wa ndege ufunikwe kabla rangi haijaanza, juu ya fremu, uvutwe ukaze na ufungwe chini. Ukiachwa legevu unanasa ndege, na pengo la chini ndilo mlango wao. Kwa nzi hali ni tofauti kidogo. Nzi wa cheri wa jamii ya Rhagoletis hutaga tunda likigeuka kutoka kijani kwenda njano, na buu wake huanguka na kulala ardhini chini ya mti hadi mwaka ujao, hivyo kuvuna kila tunda, hata lililooza, hupunguza kizazi kijacho. Drosophila suzukii ni msumbufu zaidi: jike lina msumeno mdogo nyuma na hutoboa tunda zima linaloiva, wakati nzi wadogo wengine husubiri lioze. Wavu wa matundu yasiyozidi milimita 1, uliofungwa baada ya maua kupukutika, humzuia yeye na ndege pamoja. Kupima kama wamo, ponda kidogo matunda kadhaa, uyatie kwenye glasi ya maji ya vuguvugu yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Ndani ya robo saa mabuu huelea.

Vidukari weusi hukunja majani ya ncha mapema. Fuata sisimizi wanaopanda shina, maana ndio wachungaji wao: utepe wa gundi kuzunguka shina, maji ya kasi kwenye ncha, na sabuni ya kuua wadudu kwa waliobaki. Matunda yaliyokauka na kunyauka yakabaki mtini yaondolewe yote, maana ndimo ukungu wa uozo wa kahawia unamosubiri maua ya mwaka ujao.

Cheri haiivi zaidi ikishachumwa. Rangi huja kabla ya utamu, hivyo onja matunda ya pande mbalimbali za mti, kileleni na kivulini, kabla ya kuanza. Shika kikonyo pale kinaposhikana na tawi, pindua juu kidogo, kitoke chenyewe. Ukivuta tunda, ama kikonyo kinabaki na tunda linavuja, ama unang'oa kile kitawi kifupi pamoja na mavuno ya miaka iliyobaki. Chuma asubuhi, peleka kwenye ubaridi mapema, karibu na nyuzi 0 kadiri friji inavyoweza, bila kuosha. Osha wakati wa kula. Hivyo hukaa wiki mbili.

Makokwa yasitafunwe, na matawi uliyopogoa yasitupwe mbele ya mifugo: kokwa na majani yanayonyauka hutoa sumu ya sianidi.

Wasalaam,
Sisi wasomaji wako, wapanda matunda